Ng'ombe, Dhahabu na Msamaha: Tunaposoma Riwaya za Kikristo za Magharibi ya Marekani Tukiwa Kewanja

Jioni moja ya Alhamisi, katika ushirika wa akina mama hapa Kewanja, niliombwa nisimulie kwa Kiswahili kitabu cha Kiingereza ambacho binti wa mmoja wao alikuja nacho likizo kutoka chuoni. Kitabu chenyewe ni Redeeming Love cha Francine Rivers, kisa cha mkulima mcha Mungu wa California aliyemwoa kahaba. Mke anatoroka, mume anamfuata. Mke anatoroka tena. Nilikuwa nimefika pale anapotoroka kwa mara nyingine, na watu wote wamenyamaza, ndipo bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza, "Mwalimu, na ng'ombe walirudi?"

Tulicheka wote. Nikamjibu kwamba kule hawakutoa ng'ombe. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Basi huyo hakuoa, ameokota mtu njiani. Anayeokotwa huondoka." Tukacheka tena, nami nikaendelea na hadithi. Lakini swali lile sikuliacha pale kanisani. Nilikwenda nalo nyumbani, na kwa sababu ambayo nitaieleza mbele, usingizi ulinipaa. Makala haya yametokana na swali la bibi yule.

Ndugu msomaji, vitabu vya namna hii vinazidi kuingia katika nyumba zetu. Vingine vinaletwa na wageni wa kanisa, vingine vinauzwa mitumbani, vingine mabinti wanavisoma ndani ya simu. Ni hadithi za mapenzi zinazotokea Magharibi ya Marekani katika karne ya 19: farasi, ng'ombe, magari ya kukokotwa, mashamba mapya, miji ya dhahabu. Tofauti yake na zile picha za kauboi ambazo vijana wetu wanazitazama kwenye vibanda vya video ni kwamba hapa bunduki si mwamuzi. Mwamuzi ni msamaha. Mtu anakosa, anapotea, anatafutwa, anarudi, na nyumba iliyobomoka inasimama tena.

Hakuna haja ya kumweleza Mkurya mandhari ya hadithi hizo. Sisi ni watu wa ng'ombe. Tunajua mlio wa usiku unaowatoa wanaume ndani, na tunajua nyayo zinazofuatwa hadi mpakani. Wizi wa mifugo ni miongoni mwa mambo yaliyofanya Tarime na Rorya vipewe mkoa wao wa kipolisi. Dhahabu nayo tunaijua. Tangu mgodi mkubwa uanze uzalishaji mwaka 2002, Nyamongo imekuwa mji wa namna ile ile tunayoisoma katika kitabu cha Rivers: wageni wengi, fedha ya haraka, vilabu, na mabinti waliokuja kutafuta kazi wakakuta kazi nyingine. Kwa hiyo tunaposoma habari za California ya mwaka 1850, muda mfupi baada ya dhahabu kugunduliwa kule mwaka 1848, tunaona mambo ya mtaani kwetu yamevaa kofia pana.

Hebu tuviangalie vitabu viwili ambavyo ndivyo mfano wa vyote.

Cha kwanza ni Love Comes Softly cha Janette Oke, mwandishi wa Kanada, kilichotoka mwaka 1979. Wengi wanakihesabu kuwa ndicho kilichofungua njia kwa riwaya za mapenzi za Kikristo za siku hizi. Marty, mwanamke kijana, anasafiri na mumewe kuelekea Magharibi. Mume anakufa safarini. Siku ile ile ya mazishi, mtu asiyemjua kabisa, Clark Davis, anamwomba amwoe. Hamtaki kwa uzuri wake. Ana binti mdogo, Missie, aliyefiwa na mama, na mtoto anahitaji mlezi. Anamwahidi kwamba majira ya safari yakifika tena, akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli, ila amchukue na mtoto. Marty ni mjamzito, hana nyumba wala fedha. Anakubali huku analia. Kitabu kizima kinaeleza jinsi upendo unavyokuja polepole ndani ya kazi za kila siku: kupika, kufua, kuzaa, kuuguza, kusamehe maneno makali ya asubuhi.

Cha pili ndicho hicho cha Rivers. Kilitoka kwanza mwaka 1991, kikatolewa upya kwa wasomaji wa Kikristo mwaka 1997. Rivers alikuwa mwandishi wa riwaya za mapenzi za kawaida kabla hajaokoka, na kitabu hiki alikiandika akikifuata Kitabu cha Hosea. Msichana aliyekataliwa na baba yake anauzwa akiwa mtoto. Anakua ndani ya madanguro na kuitwa Angel. Michael Hosea, mkulima, anasikia moyoni mwake kwamba Mungu amemwambia amwoe mwanamke huyo. Anamwoa. Yaliyobaki nimekwisha kuyasema: kutoroka na kufuatwa, hadi siku ambayo mwanamke anaondoka si kwa kumkimbia mume bali kwa kujiona hamfai, na mume hamfuati tena, anangoja. Miaka inapita kabla hajarudi.

Tuseme kwanza wema wa vitabu hivi, maana wapo wanaovikataa bila kuvifungua.

Wema wa kwanza ni kwamba vinamfundisha msomaji kijana kuwa mapenzi ni agano na kazi. Nyimbo za redioni zinamwambia binti kwamba upendo ni moto wa siku moja. Oke anamwonyesha mwanamume anayeamka mapema kuwasha jiko ili mke ambaye hajampenda bado asipate baridi. Wema wa pili ni kwamba vinampa mwanamke aliyeanguka kiti cha mbele. Katika mahubiri yetu kahaba hutajwa kama onyo, kisha anaachwa nje ya mlango. Rivers anamchukua huyo huyo, anatueleza aliuzwaje, na nani, akiwa na umri gani. Ukimaliza kusoma, huwezi tena kupita mbele ya vilabu vya Nyamongo ukasema "wale" kwa sauti ile ile uliyoizoea.

Sasa turudi kwa bibi wa mlangoni. Swali lake, ukilitazama vizuri, lilikuwa la uhakiki hasa, ingawa bibi hajawahi kusikia neno hilo. Aliona kitu kilichopungua katika hadithi, nacho ni jamaa.

Angalia jinsi waandishi hawa wanavyowaondoa ndugu kabla hadithi haijaanza. Marty yuko mbali na kwao, na mume hana kaka wa kuuliza mjane anakwenda wapi. Angel hana baba anayemtambua, na mama yake amekufa. Michael naye hana mzee juu yake. Mwanamume na mwanamke wanakutana uwandani kama Adamu na Hawa, na upatanisho wao ni wa watu wawili: wakipatana wao, dunia imepatana.

Kwetu haiwi hivyo. Binti wa Kikurya anapoolewa, ng'ombe wanaingia zizini kwa baba yake, na mara nyingi hawakai. Kaka yake anaoa kwa ng'ombe hao hao. Wanakwenda kwa wakwe zake, na huko kaka mwingine anawangoja. Hivyo ndoa ya dada inashika ndoa ya kaka, na ndoa ya kaka inashika ndoa ya shemeji, kama mizigo iliyofungwa kwa kamba moja. Dada akirudi nyumbani, mume anadai ng'ombe wake. Ng'ombe wako wapi? Wamekuwa mke wa kaka na watoto wa kaka. Kwa hiyo mwanamke anayerudi kwao usiku hapokewi na baba na mama peke yao. Anapokewa na hesabu nzima ya ukoo.

Hapo ndipo riwaya hizi zinapoweza kutudanganya tusipokuwa waangalifu. Nimesikia zaidi ya mara moja mwanamke aliyepigwa akishauriwa kwa mfano wa Hosea: vumilia, mpende hivyo hivyo, upendo utamshinda. Wapendwa, ushauri huo unakigeuza kitabu miguu juu. Katika Hosea, na katika Rivers, anayevumilia ni mwenye nguvu. Ni mwanamume mwenye nyumba, shamba na jina. Anayetoroka ni yule ambaye kila mwanamume alimnunua na kumuumiza. Na Michael hampigi mkewe hata pale anapokuwa na hasira kali. Uvumilivu wa mwenye nguvu ni neema. Kumdai aliyeumizwa uvumilivu huo huo ili ng'ombe wasirudi ni jambo jingine, nalo halina jina la Hosea. Hata Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi wa ndoa kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Kanisa lisiwe nyuma ya serikali katika jambo hilo.

Lakini naona Rivers ameandika mahali pamoja panapotufaa kuliko pote, na wasomaji wengi wanapita hapo haraka kwa sababu wanamtafuta Michael. Ni habari za Paul.

Paul ni shemeji. Alimwoa dada yake Michael, na dada huyo amekufa. Anarudi kutoka kwenye dhahabu, anamkuta kahaba nyumbani kwa Michael, na anamchukia. Angel anapotaka kutoroka, Paul ndiye anayempandisha kwenye gari na kumrudisha katika mji wa madanguro. Tena anadai malipo ya safari, na malipo hayo anayatoza kwenye mwili wake. Baada ya hapo anaendelea kuketi mezani kwa Michael kama ndugu mwema, huku anamhukumu yule mwanamke. Kitabu kinapokaribia mwisho, na Angel amepotea kwa miaka, anayekwenda San Francisco kumtafuta ni Paul, ambaye sasa ameoa tena. Anakwenda akiwa amejiandaa kumchukia, anarudi akiwa ameomba msamaha. Bila hatua hiyo ya shemeji, mke harudi kwa mumewe.

Nasema hapo ndipo penye moyo wa kitabu. Michael ni mwema mno. Tangu ukurasa wake wa kwanza hana doa la kutuhusu, na mtu asiye na doa ni vigumu kumfuata. Paul tunamjua. Ni yule mtu wa familia aliyetenda ubaya ambao hausemwi, akafaidika nao, akabaki na heshima yake. Upatanisho wa mapenzi ni mtamu kusoma. Upatanisho wa Paul na Angel unachoma, kwa sababu yeye hana upendo wa kumtetea. Ana deni tu.

Sasa nieleze kwa nini swali la bibi lilininyima usingizi.

Mimi nilioa kwa ng'ombe wa dada yangu anayenifuata. Walikuwa 12. Waliingia zizini kwa baba mwezi wa saba, na kabla ya Krismasi walikuwa kwa wakwe zangu. Mwaka wa tatu, dada alirudi nyumbani usiku, mtoto mgongoni, uso umevimba upande mmoja. Asubuhi baba aliwaita ndugu zake. Waliketi chini ya mti, nami niliketi nao, maana nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Hakuna aliyemuuliza dada amepigwa na nini. Waliulizana ng'ombe 12 watatoka wapi. Kisha baba akanitazama, akasema, "Mura, msindikize dada yako kwa mumewe." Nilimsindikiza. Nilimbeba mtoto ili atembee vizuri. Njiani hakusema neno, wala mimi sikusema. Wakati huo nilikuwa tayari nafundisha Shule ya Jumapili.

Baadaye aliondoka huko mwenyewe, hakupita kwetu. Alikwenda Musoma, akafanya biashara ya dagaa, akalea watoto wake. Kwa miaka tisa hakukanyaga boma la baba. Alikuja kwenye mazishi ya baba, akaketi na majirani, akaondoka kabla ya chakula. Mimi nilikuwa nikimwambia kila aliyeuliza kwamba dada yetu ana moyo mgumu.

Niliposoma habari za Paul na lile gari la farasi, nilifunga kitabu. Niliposikia bibi anauliza kama ng'ombe walirudi, nilijua ni mimi ninayeulizwa. Ng'ombe hawakurudi. Alirudi dada.

Biblia inayo hadithi ya namna hii, na kila mfugaji anapaswa kuirudia. Ni Mwanzo 32 na 33, Yakobo anapokwenda kukutana na Esau. Tunapoihubiri tunapenda kuanza na kumaliza kwa kukumbatiana. Lakini mwandishi wa Mwanzo amehesabu mifugo, na amehesabu kwa makini: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na ndama wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na madume 10. Yakobo anawatanguliza kundi kwa kundi, na kuacha nafasi kati ya kundi na kundi. Yeye anakuja nyuma, anachechemea, na mbele ya kaka yake anainama mara saba. Aliyemnyang'anya ndugu yake baraka sasa anamrudishia sehemu ya baraka yenyewe, nayo inapiga kelele na kutimua vumbi njiani. Esau anakataa kwanza, anasema anavyo vya kutosha. Yakobo anamshikilia apokee. Na hata baada ya hapo hawakuhamia pamoja. Esau alikwenda Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Wanatajwa tena pamoja wanapomzika baba yao. Huo ni upatanisho wa kweli, na umbali umebaki ndani yake.

Hiki ndicho ninachokikosa katika riwaya za Magharibi ya Marekani. Zina machozi mengi na malipo machache. Mkosaji anaungama, anakumbatiwa, ukurasa unafungwa. Zakayo wa Luka 19 hakuishia kwenye machozi. Alitaja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Wazee wetu wa imani katika mkoa huu walilijua hilo. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulifika Shirati mwaka 1942, miaka minane tu baada ya wamisionari wa Kimennonite kuanza kazi pale. Ushuhuda wa uamsho ule katika Afrika Mashariki yote ulikuwa na alama moja: watu walisema dhambi zao kwa majina yake mbele ya wenzao, na walirudisha vitu. Aliyeiba alikwenda kwa aliyemwibia, mkononi amebeba kitu. Wageni na wenyeji waliombana msamaha, jambo ambalo utawala wa kikoloni haukulizoea. Hadithi hiyo ingeandikwa kama riwaya, ingekuwa na nguvu kuliko nyingi tunazoletewa.

Upungufu mwingine ni ardhi. Katika vitabu hivi viwili nchi inaonekana tupu, kana kwamba Mungu aliitengeneza juzi kwa ajili ya wahamiaji. Haikuwa tupu. Sheria ya mwaka 1862 ya Marekani iliwagawia walowezi ekari 160 kila mmoja, nazo zilikuwa nchi za watu. Huko California, katika miaka ile ile ya dhahabu, wenyeji walikufa kwa maelfu mengi, kwa maradhi, njaa na kuuawa. Michael Hosea analima shamba zuri, na kitabu hakimuulizi nani alilala hapo kabla yake. Watu wa Kewanja, ambao wanajua maana ya shimo kubwa kuchimbwa mahali palipokuwa na mji wa babu, hawana budi kuuliza kwa niaba yake. Simaanishi kwamba kitabu ni kibaya. Namaanisha kwamba amani ya ndani ya nyumba moja haijamaliza kazi ya 2 Wakorintho 5, pale Paulo anaposema tumepewa huduma ya upatanisho.

Baada ya kusimulia kitabu cha Rivers, niliwaambia akina mama kwamba tunacho pia kitabu chetu cha kanda hii ya Ziwa. Ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971 na kwa muda kikazuiwa mashuleni. Rosa ni binti wa familia ya Kikatoliki. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na akishakuwa huru mbali na nyumbani anaanguka, tena na tena. Anapotaka kutulia na kuolewa, yaliyopita yanamfuata, mchumba anamwacha, naye anajiua.

Vitabu hivyo viwili vinatazamana. Angel na Rosa wote waliharibiwa kwanza na baba, kabla hawajaharibiwa na wengine. Mmoja alitafutwa, mwingine hakutafutwa. Kezilahabi hana Michael, na wengine humlaumu kwamba hakutia tumaini. Mimi simlaumu. Ameandika kinachotokea pale ambapo hakuna anayekwenda. Rivers anatuonyesha neema inavyotembea kwa miguu ya mtu. Kezilahabi anatuonyesha kaburi la binti pale miguu hiyo ilipobaki nyumbani. Kanisa linahitaji kuvisoma vyote viwili. Akisoma cha Rivers tu, mtu ataridhika na kulia. Akisoma cha Kezilahabi tu, atakata tamaa. Akivisoma pamoja, atavaa viatu.

Mimi nilivaa. Nilikwenda Musoma na fedha za mitamba miwili niliyoiuza, na maneno niliyoyapanga njia nzima. Dada alinikaribisha chai. Nilipomaliza kusema, alinirudishia bahasha juu ya meza. Alisema, "Kaka, hili umelisema hapa tunapokaa wawili. Mimi nilirudishwa mbele ya watu." Sikuwa na jibu. Nilirudi Kewanja na bahasha yangu, na ninakiri kwamba nilikasirika. Nilitaka kukumbatiwa kama katika kitabu.

Ilinichukua miezi minne. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Ng'ombe wale ndio walionileta mimi. Kama wewe huwezi kusema, nitasema mimi." Tuliwaita baba wadogo waliobaki, na mama, na watoto wetu wakubwa, na dada akaja na wanawe. Nilisimama chini ya mti ule ule. Nilisema nilichotenda, na kwa faida ya nani. Baba mdogo mmoja aliinuka akaondoka, na hadi leo hanisalimu vizuri. Mama alilia. Dada hakulia. Aliipokea mitamba miwili, safari hii ikiwa mitamba yenyewe, ikitembea, na akaikabidhi kwa mwanawe wa kiume mbele yetu. Kisha akaomba maji ya kunywa. Krismasi iliyofuata alikuja, akalala usiku mmoja. Siku mbili alizoniahidi hazijatimia bado.

Kwa hiyo, ndugu yangu katika Kristo, kama binti yako anasoma vitabu hivi, usimnyang'anye. Msomee naye. Mwulize maswali ambayo kitabu hakiulizi: ndugu wako wapi? Nani alifaidika? Ni nani anayeombwa avumilie, mwenye nguvu au aliyeumia? Kitu gani kilirudishwa? Na ukifika kwa Paul, soma polepole, kisha angalia kama yumo ndani ya boma lako.

Na kabla hujaleta sadaka yako Jumapili, kumbuka Mathayo 5, pale Bwana anapomtuma mtu aiache sadaka madhabahuni aende kwanza kwa ndugu yake. Sadaka haitaoza. Itakungoja.

Bibi wa mlangoni bado anakuja Alhamisi. Nilipomweleza habari ya mitamba, hakunipongeza. Alihesabu kwa vidole, akasema, "Bado 10."